Kuandaa FCS ya DEIMOS mchana: picha ya rejea ndo inabeba usiku mzima

Watu wanaopata usiku wao wa kwanza kwenye darubini kubwa huwa wanahangaika na vitu vingi, orodha ya nyota, mawingu, maski (bamba lenye nyufa za kupitisha mwanga wa nyota ulizochagua), nani atakaa kwenye kompyuta ipi, ila kuna kitu kimoja naona kinarukwa karibu kila mara: mfumo wa kufidia kupinda kwa spektrografu, yani chombo kinachotawanya mwanga wa nyota kwa rangi zake (hizo ndo spektra). Unasikia mtu anasema hiyo iache, mashine inafanya yenyewe. Ni kweli inafanya yenyewe, lakini inafuata picha ya rejea uliyoipa wewe mchana, na picha ile ikiwa mbovu basi usiku kucha spektra zako zitakuwa zinavutwa kwenda mahali ambapo si pake, na kwenye skrini kila kitu kitaonekana kiko sawa.

Nitatumia mfano wa DEIMOS, spektrografu iliyoko Keck II juu ya Mauna Kea kule Hawaii, mita zaidi ya 4,100 kutoka usawa wa bahari. Ilijengwa na timu ya UC Santa Cruz ikiongozwa na Sandra Faber, ikaanza kupokea mwanga wa nyota mwaka 2002. Nimeichagua hii kwa sababu FCS yake (ndo jina la huo mfumo wa kufidia kupinda, Flexure Compensation System, kila mtu anauita hivyo) inafanya kazi hadharani, unaiona inapima na unaiona inasahihisha, kwa hiyo ukiielewa hii hata zile za darubini nyingine hazitakusumbua.

Kwanza, kwanini ipinde? Keck inafuata nyota kwa kuinuka na kuzunguka, na darubini ya namna hiyo ina tabia moja, uwanja wa nyota unajizungusha taratibu mbele ya chombo jinsi anga linavyosogea. Ili nyufa za maski zibaki juu ya nyota zile zile inabidi DEIMOS nzima, na hapo tunaongelea matani ya chuma na vioo, izungushwe kwenye mhimili uliolala. Sasa fikiria umebeba ngazi ndefu ukiishika katikati: ukiilaza inalegea upande huu, ukiigeuza kwa ubavu inalegea vingine kabisa. Uzito ni ule ule, ila upande unaovutwa chini umebadilika, na ndani ya spektrografu kila kioo, kila lenzi, gretingi (bamba lenye mistari myembamba linalotawanya rangi) na kamera vinahama kidogo kidogo kila roteta, yani kile kinachoizungusha DEIMOS, inapogeuka.

Kidogo kiasi gani? Pikseli moja ya DEIMOS ina upana wa sehemu 15 za elfu za milimita. Hakuna fundi anayeweza kujenga kitu cha tani kadhaa, ukakigeuza huku na huku, halafu kisisogee kiasi hicho, kwa hiyo waliojenga hawakujidanganya, walikubali kwamba itapinda, wakaweka njia ya kuipima na kuirudisha wakati ule ule inapinda.

Na ngoja niseme kwanini pikseli moja inauma, manake wengine wanadhani ni mambo ya kujitafutia presha. Chukua gretingi ya mistari 1200 kwa milimita, hapo pikseli moja ni kama angstromu 0.33 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, ndo kipimo cha urefu wa mawimbi). Ukipima kasi ya nyota kwa mistari mitatu ya kalisiamu kwenye spektra yake, iliyoko karibu na angstromu 8500, pikseli moja inakuwa karibu kilomita 12 kwa sekunde. Halafu kuna Segue 1, kagalaksi kadogo sana kanakozunguka yetu, ambako vipimo vya DEIMOS vilivyochapishwa 2011 vilionyesha kasi za nyota zake zinatofautiana kwa kilomita 3.7 tu kwa sekunde, na kutokana na namba hiyo ndo tunajua kuwa kamejaa maada giza (ile isiyoonekana, tunaijua kwa mvutano wake tu) kuliko karibu kitu chochote tunachokijua ukilinganisha na mwanga wake mdogo. Kilomita 3.7 ni chini ya theluthi moja ya pikseli! Sasa spektrografu ikisogea nusu pikseli kati ya taa za kalibresheni (zile zenye mistari ambayo urefu wa mawimbi yake unajulikana) za saa kumi jioni na ekspoja, yani picha unayopiga, ya saa nane usiku, na wewe huna habari, unataka kutuambia nini kuhusu maada giza?

Kuna na la pili, ambalo binafsi naona ni zito zaidi japo halisemwi sana. Kwenye mwanga mwekundu anga lenyewe linawaka, mistari ya OH (molekuli za oksijeni na hidrojeni zilizoko juu angani) imejaa kila mahali, na galaksi unayoitafuta iko hafifu kabisa chini yake. Ili uitoe anga vizuri unahitaji flati ya mchana (picha ya taa yenye mwanga laini, inayoonyesha unyeti wa kila pikseli) ikae pikseli kwa pikseli juu ya data ya usiku, kwa sababu CCD, yani vihisi vya kamera, kwenye wekundu zina michirizi yake na kila pikseli ina unyeti wake. Flati ikihama hata sehemu ya pikseli tu, badala ya kusafisha unaongeza uchafu. Ule mradi wa DEEP2 uliochukua spektra za galaksi kama 50,000 kwa kutumia DEIMOS hii hii, usingewezekana kwa ubora ule kama anga halitoki vizuri.

Haya, FCS yenyewe. Kuna taa ya shaba na agoni, mwanga wake unapitishwa kwenye faiba hadi kwenye ncha mbili za eneo la maski, pale pale mwanga wa nyota unapoingilia. Kutoka hapo unapita njia ile ile ya nyota, vioo vile vile, gretingi ile ile, ukifika mwisho hauangukii kwenye CCD 8 kubwa za sayansi bali kwenye CCD mbili ndogo zilizowekwa pembeni, moja huku moja kule. Unachokiona kwenye hizo ndogo ni vidoti, kila kidoti ni mstari mmoja wa taa. Programu inalinganisha vidoti vya sasa na vidoti vya picha ya rejea, inapata tofauti kwa pikseli, inainamisha kioo kimoja na kusogeza kamera hadi vidoti virudi mahali pake, na inarudia hivyo wakati ekspoja yako inaendelea. Sio kila chombo kinafanya hivi. GMOS, spektrografu za darubini za Gemini, zinategemea jedwali, yani programu inajua darubini ikielekea huku kamera isogezwe kiasi hiki, haisubiri kipimo. X-shooter, spektrografu ya darubini ya VLT kule Paranal, Chile, inapima kwa taa mwanzoni mwa kazi, inasahihisha, halafu inabidi urudie ukikaa kwenye nyota moja muda mrefu. Njia ya DEIMOS naipenda zaidi kwa sababu haikisii.

Sasa mchana unafanya nini. Anza na gretingi, filta na urefu wa mawimbi utakaotumia usiku, hivyo hivyo, sio vinavyokaribiana. Kila mpangilio unataka picha yake ya rejea, kwa sababu vidoti vya gretingi ya 1200 yenye angstromu 7800 katikati sio vidoti vya gretingi ya 600 yenye 6500 katikati, mistari mingine kabisa imeangukia kwenye zile CCD ndogo. Washa taa ya FCS mapema, ipe muda itulie, usiwashe na kupiga hapo hapo.

Halafu piga picha ya FCS na uifungue kwa macho yako. Hapa ndo naomba watu wasiwe na haraka. Angalia CCD zote mbili, sio moja. Vidoti viwe vinang'aa vya kutosha ili kipimo kisiyumbe, lakini visiwe vimejaa hadi kileleni pamekuwa bapa, manake kidoti kilichojaa katikati yake haipimiki sawasawa. Kama ni hafifu ongeza sekunde, kama vimejaa punguza. Angalia pia viko wapi: kidoti kilichokaa ukingoni kabisa mwa CCD kitatoka nje chombo kikipinda, na ukibaki na vidoti viwili vitatu vya maana programu inaweza kushika kidoti jirani ikidhani ni kile cha mwanzo, ikasahihisha kwa kurukia mahali pengine. Ukiona mpangilio wako umeangukia sehemu isiyo na mistari mizuri, bora usogeze urefu wa mawimbi kidogo sasa hivi mchana kuliko kulia usiku.

Kitu kingine ni nafasi ya kusogea. Kile kioo na ile kamera vina mwisho wake. Ukipiga picha ya rejea wakati kimoja tayari kimefika karibu na ukuta wake, kila kitu kitaonekana safi jioni, halafu saa sita usiku roteta imegeuka, FCS inataka kusogeza zaidi na hakuna pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi rejea hakikisha viko karibu na katikati.

Ukisharidhika, hifadhi, waambie FCS ifuate rejea hiyo, subiri hadi tofauti ishuke ikae karibu na sifuri, NDIPO upige flati na taa za kalibresheni. Mpangilio huu usiugeuze. Ukipiga taa kwanza halafu rejea baadaye, una vitu viwili ambavyo havijafungwa pamoja, na maana yote ya rejea ni kwamba inasema "taa zilipigwa chombo kikiwa hivi, nirudishie hivi".

Muda ukiruhusu fanya jaribio moja zuri sana: FCS ikiwa imezimwa, zungusha roteta kwenye pembe tofauti tofauti na kila pembe piga taa, halafu washa FCS urudie pembe zile zile. Chagua mstari mmoja, fuatilia unakaa pikseli gani. Bila FCS utauona unatembea, ukiwa na FCS utauona umeganda. Ukishaiona hii kwa macho hutahitaji mtu akuhubirie.

Usiku ukifika kuna jambo moja nasisitiza kuliko yote: USIPIGE REJEA MPYA kwa sababu tu tofauti inayoonyeshwa ni kubwa. Naelewa kishawishi, namba nyekundu kwenye skrini inakera, ukipiga rejea mpya inakuwa sifuri na roho inatulia. Lakini ulichofanya ni kukata kamba kati ya data yako na taa za mchana. Gretingi ukiihamisha ukairudisha hairudi mahali pale pale kabisa, na kazi ya rejea ya zamani ni hiyo hiyo, kuivuta irudi ilipokuwa. Ikishindwa, chunguza: taa ya FCS imewaka? Filta ni ile ile? Kioo kimefika mwisho? Na kama hakuna namna, lazima rejea mpya, basi piga na taa mpya za kalibresheni hapo hapo, uandike kwenye logi ekspoja zipi ni za rejea ipi.

Pia ukimaliza kulenga maski kwa kutumia kioo kinachowekwa mahali pa gretingi (sio kile cha FCS) na ukarudisha gretingi, usikimbilie kufungua shata. Subiri FCS ishike. Dakika inauma kwenye darubini ya mita 10, najua, ila ekspoja ya dakika 30 iliyoanza huku spektra bado inatembea inauma zaidi.

Na tusiidai FCS yasiyo yake. Inaona kuanzia eneo la maski hadi kwenye kamera basi. Maski ikiwa haijakaa sawa juu ya nyota haijui, angahewa ikipinda mwanga wa bluu na mwekundu tofauti haijui, nyota ikiwa imekaa upande mmoja wa ufa haijui, na hiyo ya mwisho inakupa kasi ya uongo ya kilomita kadhaa kwa sekunde hata FCS ikiwa kamilifu. Hiyo utaisahihisha baadaye kwa kutumia ukanda wa oksijeni ya angahewa yetu karibu na angstromu 7600, kwa sababu mwanga wa nyota na alama ya oksijeni vinapita kwenye ufa pamoja, vinahama pamoja.

Ekspoja ya kwanza ikishuka, usingoje kurudi ofisini. Fungua, tafuta mistari ya anga, kwa gretingi ya 1200 chukua ya OH iliyoko 8399 na 8430, kwa ile ya 600 unaweza kupata na ule wa oksijeni wa 5577, linganisha na mahali taa za mchana zinasema ikae. Pima kwenye ufa wa katikati na kwenye nyufa za ncha zote mbili. Zikihama zote kiasi kimoja, rejea au taa zina tatizo. Zikihama ncha moja huku nyingine kule, picha imezunguka, na kioo na kamera haviwezi kuirudisha hiyo, utaimalizia kwenye kuchakata data, kila ufa na marekebisho yake.