Kansa iko kwenye ulimi, mbona mmenitoa tezi ya mate?

Hili swali kitengo chetu cha upasuaji wa kinywa na taya kinaulizwa sana, na siku hizi linakuja kama malalamiko kabisa, ndugu wa mgonjwa anafika na majibu ya maabara mkononi, yameandikwa tezi haina saratani, anasema mmemkata mtu bure. Uchungu wake naujua, ila hakukatwa bure.

Chini ya taya kila upande kuna tezi ya mate, mrija wake unapita chini ya ulimi na kutokea pale mbele. Kansa ya chini ya ulimi ikiziba huo mrija tezi inavimba, hasa wakati wa kula, na watu wanameza antibiotiki mwezi mzima wakidhani ni mtoki tu. Kansa kuingia ndani ya tezi yenyewe hutokea mara chache. Shida ni matezi ya limfu (vitezi vidogo vinavyochuja majimaji ya mwili, sio vya mate) yaliyoikumbatia, maana hapo ni mojawapo ya sehemu kansa ya ulimi inapokimbilia mwanzo, na yamenasa kwenye mafuta kati ya tezi, mfupa wa taya na mshipa wa damu unaopanda usoni, sasa ukitaka kuyadonoa moja moja uache tezi unaweza kuacha mbegu za kansa, ndo maana tunatoa vyote pamoja. Wapo wachache wenye kansa ndogo ambao tezi inaweza kubaki, ila hilo linaamuliwa kwa vipimo, sio kwa ubishi wa ndugu kwenye korido.

Na jamani, kisu hakiamshi kansa! Nimechoka kuwapokea watu waliojificha miezi 6 kwa maneno hayo.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa hakikisha umeelezwa haya: majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa kwenye kidonda kikapimwe kansa) yametoka, picha ya shingo imepigwa, upande gani unakatwa. Uliza na kuhusu neva, kwasababu ile ya mdomo wa chini inapita juu ya tezi kabisa, ikiguswa mdomo unapinda ukicheka, wengi inarudi baada ya wiki au miezi, sio wote. Utaamka na mrija shingoni wa kutoa majimaji, usiuvute, unatolewa yakipungua.

Mate hayaishi, tezi ya upande wa pili ipo, za mbele ya masikio zipo, na ndogondogo mamia kinywani. Ukavu mkali unaletwa zaidi na mionzi kama utapangiwa baadaye, na hapa ndo wengi wanakosea, meno mabovu yang'olewe KABLA ya mionzi, ikiwezekana siku 14 hivi kabla ili kidonda kifunge, maana ukija kung'oa baadaye mfupa wa taya unaweza kufa, hata ikiwa miaka imepita. Kwahiyo popote utakapoenda kutibiwa jino, mwambie daktari kwanza kwamba ulipigwa mionzi.