Maji nyuma ya jicho yamekauka, mbona bado sioni vizuri?

Mama mmoja anayeuza sambaza soko la Kadutu, hapa Bukavu, ana ugonjwa wa sukari miaka mingi. Alichomwa sindano za jicho, moja kila mwezi, na karatasi ya mwisho ikasema uvimbe wa makula umeisha. Lakini akishika simu kuangalia kama mteja ametuma pesa, 3 na 8 bado zinafanana. Alikuja na maswali yake, hatukumwacha aondoke nayo.

Makula ni nini, na inavimbaje?

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, yaani retina. Makula ni sehemu ndogo ya katikati yake, upana wa milimita 5 hivi. Ndiyo inayosoma, inayotambua sura ya mtu, inayotunga uzi kwenye sindano. Sukari ikichakaza mishipa midogo ya damu, mishipa inavuja na maji yanajaa ndani ya utando. Mshipa wa retina ukiziba, mara nyingi kwa wenye presha, hutokea vilevile.

Ile mashine ilinipiga eksirei?

Hapana, mama. Ni OCT, mashine inayopiga picha ya tabaka za retina, na huku kwetu wengi wanaitamka kwa Kifaransa, «o-se-te». Inatumia mwanga tu. Unaweka kidevu, unakazia jicho alama ndogo, sekunde chache basi. Ilitangazwa mwaka 1991 huko Marekani.

Daktari anatafuta nini kwenye picha?

Wagonjwa wengi huuliza unene. Katikati ya makula yenye afya ni robo ya milimita hivi, na ikivimba inaweza kufika mara mbili. Namba hiyo ikishuka kila mtu anafurahi. Mimi ningekuambia uulize pia habari za mstari mmoja mweupe, karibu na chini ya picha. Unaitwa mstari wa elipsoidi, na ni alama ya seli zinazopokea mwanga: koni, milioni 6 hivi katika kila jicho, na fito, milioni 100 hivi. Katikati kabisa ni koni tupu, zimesongamana. Zikiwa zimesimama kwa safu, mstari unang'aa moja kwa moja. Maji yakikaa sana, koni hupoteza ncha zake, nyingine hufa, na mstari hufifia au kukatika.

Ndiyo maana sioni?

Ndiyo. Fikiria mahindi ya bondeni yaliyofunikwa na maji. Maji yakishuka udongo unakauka, ila mahindi ni habari nyingine: mengine yanainuka, mengine yameshaoza mizizi. Kwenye picha ya mama huyu, kibonde cha kawaida cha katikati ya makula kimerudi umbo lake vizuri kabisa. Chini yake, mstari una pengo dogo, kama mshono uliofumuka. Na pengo liko pale pale anaposomea.

Litaziba?

Huenda. Koni iliyo hai inaweza kujenga ncha yake upya, kwa miezi, iliyokufa hairudi. Halafu usikate tamaa kwa picha ya siku ya kwanza. Maji mengi na damu hutupa kivuli juu ya mstari, ukaonekana haupo kumbe upo. Picha ya kuamini ni ile ya baada ya kukauka, tena zaidi ya moja.

Nibadilishe miwani?

Miwani mipya haizibi pengo. Kioo cha kukuzia, au kuongeza ukubwa wa maandishi ya simu, kitakusaidia zaidi.

Nitajuaje kama maji yamerudi?

Funika jicho moja, tazama nondo za dirisha kwa lile lingine. Kisha badilisha. Zikionekana zimepinda, au kukiwa na doa katikati, usingoje tarehe ya miadi. Ukitazama kwa macho yote mawili, lililo zima humfichia mwenzake. Mama wetu aliziona nondo za chumbani zimepinda tangu Pasaka, akamlaumu fundi.