Timu ile ile, mchezo mwingine

Mashabiki wa kriketi wana imani moja sugu: timu ya taifa ikitwaa kombe leo, kisha ikaporomoka wiki ijayo katika aina nyingine ya mechi, basi wachezaji wamelewa sifa. Mara nyingi sivyo.

Chukua Uingereza ya 2019. Tarehe 14 Julai ilibeba Kombe la Dunia la ova 50 (ova moja ni mipira 6) pale uwanja wa Lord's, London. Tarehe 24, uwanja ule ule, Ireland iliwatoa wapigaji wote wa Uingereza kwa mikimbio (pointi) 85, mechi ya Testi, yaani ile ndefu ya siku kadhaa ambapo kila timu hupiga kwa zamu mbili, hata chakula cha mchana hakijafika. Jason Roy, moto wa kuotea mbali kwenye ova 50, alitoka na mikimbio 5. Ben Stokes na Jos Buttler, nyota wa kikosi cha kombe, walikuwa wamepumzishwa. Na mpira ulikuwa mwekundu, ambao huko hupinda hewani kwa muda mrefu kuliko ule mweupe.

Hesabu nazo hutofautiana. T20, kriketi fupi ya ova 20, huipa kila timu mipira 120 na wiketi 10 (nafasi za wapigaji kutolewa), hivyo mpigaji akijaribu pigo kubwa akatoka, si hasara sana. Kwenye Testi ya siku 5, pigo hilohilo ni uzembe. Ndiyo maana West Indies walitwaa Kombe la Dunia la T20 mwaka 2012 na 2016 huku wakisuasua kwenye Testi.

Uingereza, kwa taarifa yako, ilishinda ile mechi. Ireland walitolewa kwa mikimbio 38 kwenye zamu yao ya pili.