Utengano wa dini na dola: ulimaanisha nini Marekani ilipozaliwa

"Serikali haina dini" ni msemo uliozoeleka Afrika Mashariki. Dhana iliyo nyuma yake, utengano wa dini na dola, ina mizizi kadhaa, na mmojawapo unaoonekana vizuri uko Virginia, Marekani, kati ya 1776 na 1786. Huko suala lilikuwa kodi kabla ya kuwa falsafa.

Chini ya Uingereza, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa rasmi la koloni hilo. Kasisi wa parokia alitengewa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, na wazee wa parokia waligawa mzigo huo kwa vichwa: kila mwanamume huru kuanzia miaka 16, pamoja na kila mtumwa wa umri huo, wa kike kwa wa kiume, ambaye alilipiwa na bwana wake. Mbaptisti asiyekanyaga kanisa hilo alilipa vilevile. Mhubiri wake alitakiwa awe na leseni, na wapo waliotiwa jela wakaendelea kuhubiri kupitia nondo za dirisha.

Ugomvi huo uliwakutanisha watu wasiofanana. Thomas Jefferson na James Madison, wanasiasa wa Virginia na wanafunzi wa Zama za Mwangaza, yaani fikra za Ulaya zilizotukuza akili, waliona kuwa akili hailazimishwi. Ukimshurutisha mtu aamini, unavuna unafiki. Wabaptisti walifika palepale kwa njia yao: imani ya kweli ni ya hiari, na mkono wa serikali huichafua. Kwa hiyo wanaosema utengano ulikuwa njama ya wasioamini Mungu wamewasahau walokole wa siku hizo, ambao bila saini zao katika maombi kwa bunge Jefferson asingefika mbali.

Muswada wa Jefferson wa uhuru wa dini, ulioandikwa 1777, uliwasilishwa katika bunge la Virginia 1779 ukakwama. Mwaka 1784 Patrick Henry, mwanasiasa mwingine wa Virginia, aliunga mkono mbadala uliosikika wa haki kabisa: kila mtu alipe kodi ya kuwatunza walimu wa Ukristo, ila achague mwenyewe dhehebu litakalopokea. Madison akajibu 1785 kwa waraka wa hoja 15. Iliyouma zaidi ni hii: mamlaka inayoweza kukutoza hata peni 3 kwa ajili ya dini fulani inaweza pia kukulazimisha uifuate. Maombi ya wananchi yakamiminika bungeni, kodi hiyo ikafa, na Januari 1786 muswada wa Jefferson ukapita, mwenyewe akiwa Paris kama balozi.

Katiba ya Marekani ya 1787 ilikataza kumpima kwa dini yake mtu anayeshika wadhifa wa shirikisho. Marekebisho ya Kwanza, 1791, yakaizuia Kongresi, bunge la shirikisho, kuanzisha dini rasmi au kuwazuia watu kuabudu. Lisome vizuri neno hilo, Kongresi, wengi hulipita. Majimbo hayakuguswa: Connecticut ilibaki na kanisa lake rasmi hadi 1818, Massachusetts hadi 1833, na Maryland haikuwafungulia Wayahudi nyadhifa za umma hadi 1826. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuyabana majimbo yote kwa katazo la dini rasmi mwaka 1947.

Ufaransa ilishika njia tofauti. Mwaka 1790 mapinduzi yalilimeza kanisa badala ya kuliachia: makasisi wachaguliwe kwa kura, walipwe na dola, kisha waape utii. Karibu nusu yao walikataa kiapo, na nchi ikapasuka. Utengano wa kudumu ulisubiri hadi 1905.

Na ule "ukuta" kati ya kanisa na dola unaotajwa kila mara haumo katika Katiba. Umo katika barua ya Jefferson, wakati huo rais, kwa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, ya tarehe 1 Januari 1802. Siku hiyohiyo alipokea jibini la ratili 1,235, zawadi ya wakulima wa Cheshire, Massachusetts, iliyoletwa na mhubiri wao Mbaptisti, John Leland. Jumapili, siku mbili baadaye, Leland alihubiri ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, na Jefferson alikuwa amekaa akimsikiliza. Ukuta wake ulizuia kodi na shuruti. Ibada yenyewe, hata chini ya paa la bunge, hakuiona kuwa tatizo.