Mwanafunzi wa uzamivu na kazi za idara: yanayosemwa na yalivyo

Hapa Tanga tunapokea wanafunzi wengi wa uzamivu, yaani wa PhD, ambao vyuo vyao viko kwingine. Kuna waliokuja Korogwe na Muheza kwa ajili ya malaria, waliopanda Amani kwa ajili ya msitu, na wanaoshinda na wavuvi Pangani. Idara zao ziko Dar es Salaam, Morogoro au ng'ambo. Ukiwauliza wanazisaidiaje idara hizo, majibu hufanana, na mengi hayana msingi. Nayajibu kwa sababu idara ambayo wanafunzi wake wakubwa wamejitenga hupwaya, na wa kwanza kuumia ni wao wenyewe.

“Nimekuja kuandika tasnifu. Mengine yatanichelewesha.”

Kazi isiyo na mpaka inachelewesha kweli. Lakini utafiti wenyewe unasimama juu ya kazi za kujitolea. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwemo. Utafiti wa namna hiyo hauanzi mpaka kamati za maadili ziupitie, na makala zake hazichapishwi mpaka wataalamu wengine wazisome. Wengi wa wasomaji hao wana ajira zao na tafiti zao, na kwa kawaida mhariri wa jarida hawalipi. Nawe tasnifu yako itasomwa na watu wa aina hiyo hiyo.

Kisha kazi yenyewe inafundisha. Chukua semina ya idara. Aliyepewa kuiandaa anamfuatilia mtoa mada mpaka alete ikisiri, yaani muhtasari wa mada, anahakikisha chumba hakina kipindi kingine, anajaribu projekta mapema, halafu anaongoza kikao. Profesa akizidisha muda, ni yeye wa kumwambia kwa adabu, “Mwalimu, tumebakiwa na dakika tano.” Ukumbi ukinyamaza, ni yeye wa kuuliza swali la kwanza, kwa hiyo lazima awe ameisoma mada. Akifanya hivyo muhula mzima, siku ya kutetea tasnifu yake ataingia akijua jopo linauliza nini na linachoshwa na nini.

“Huko ni kutumwa tu.”

Hapa malalamiko yana ukweli ndani yake, na wakuu wa idara wayasikie. Kumfundishia msimamizi somo zima bila barua wala malipo si huduma kwa idara. Kumsahihishia rundo la mitihani, kumfuatilia gari gereji, hayo nayo si huduma. Jiulize: nikiacha kazi hii leo, idara nzima itapungukiwa, au mtu mmoja tu? Anayeujua msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, anajua kwamba mfereji unaochimbwa ni wa kijiji, si wa shamba la mwenyekiti.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi: kina dada hupangiwa chai na kuandika kumbukumbu, kina kaka hupangiwa kuongoza mjadala. Zamu ziandikwe zibandikwe, kila mtu apite kila mahali.

“Niko uwandani, siwezi kufanya lolote.”

Aliye uwandani ana kitu ambacho ofisini hakipo. Mwanafunzi mpya akifika mkoani na dodoso zake, barua ya chuo peke yake haimtoshi. Huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akapelekwa wilayani, akaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, ndipo amfikie mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Ofisi moja ikirukwa, anaweza kurudishwa alikotoka, na nauli imeshaliwa. Wewe uliyekwisha kupita njia hiyo, andika kurasa mbili: nakala ngapi za kibali, nani wa kuonana naye, msimu gani wanakijiji wako mashambani. Zitume idarani. Watakaokuja baada yako wataokoa wiki nzima, na huduma hiyo haikudai uwe kwenye kikao hata kimoja.

Wa Chuo Kikuu Huria, chenye kituo chake hapa mkoani, wanaweza vilevile kusoma pendekezo la mwenzao na kulirudisha na maoni kwa barua pepe.

“Mimi nimeajiriwa chuo kingine, hapa napita.”

Wengi ni wahadhiri wasaidizi walioruhusiwa kwenda masomoni. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji zaidi kuona jinsi idara nyingine inavyopitisha mtaala au kugawa masomo, maana akirudi na shahada yake atakabidhiwa uratibu hata kabla hajazoea ofisi.

“Hakuna anayeihesabu kazi hiyo.”

Vyuo vyetu vina majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia. Weka kazi hizo kwenye wasifu wako, pamoja na tarehe na ulichokamilisha. Na idara nazo zitoe barua ya kutambua mchango. Karatasi moja yenye muhuri haiwezi kuishinda idara.

“Mwaka wa kwanza bado sijui kitu.”

Unajua ni wapi ulikwama kwenye usajili, na wenyeji wameshasahau. Mwone mratibu wa uzamivu, omba kazi moja yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na umwombe aiandike.