Je, wajua kwa nini springi ikikatwa huwa ngumu zaidi?

Mwenye Datsun 240Z au gari lingine la michezo la zamani akitaka lishuke, njia ya bei rahisi kuliko zote atakayoisikia gereji ni hii: "kata raundi mbili." Hapo ubishi huanza. Wengi watasema ukikata springi umeipunguzia nguvu, gari litakuwa laini na litalala kwenye kona. Inaonekana ni hesabu ya wazi: chuma kimepungua, basi nguvu imepungua. Kumbe ni kinyume. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, na unaweza kujua itakuwa ngumu kiasi gani hata kabla grainda haijawashwa.

Kosa linatokana na picha iliyoko kichwani. Tunaiona mizunguko ya springi kama vibarua wanaobeba kabati: wakiwa wanane mzigo ni mwepesi, wakiondoka wawili, waliobaki wanaelemewa. Lakini mizunguko haikupangwa ubavu kwa ubavu. Imefuatana kama pingili za mnyororo. Mnyororo ukining'iniza injini ya kilo 200, kila pingili inabeba kilo zote 200, ziwe pingili kumi au mia. Kwenye springi ni vilevile: kila mzunguko unabeba uzito wote. Ukiondoa miwili, iliyobaki haiongezewi hata gramu moja.

Kinachogawanywa ni kubonyea, na hapa mfano mzuri ni mchango wa harusi. Chukua springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ambayo hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 2. Ikikaliwa na kilo 300 itabonyea milimita 150, maana yake kila mzunguko umechanga milimita 18.75. Kiwango cha kila mmoja kimepangwa na unene wa waya, upana wa duara na uzito uliokaa juu, na hakipandi kwa sababu wachangaji wamepungua. Kata miwili, wabaki sita: 18.75 mara sita ni 112.5. Kilo ni zilezile 300, kubonyea kumepungua. Sasa zinahitajika kilo 2.67 kwa kila milimita, yaani ugumu umepanda kwa theluthi moja.

Kwa nini mzunguko mmoja uwe na kiwango chake? Kwa sababu springi ikibonyea, waya wake kwa sehemu kubwa haupindi, unasokotwa. Springi ni fimbo ndefu ya chuma iliyoviringishwa ili itoshe mahali padogo. Kamata kanga mbichi kwenye ncha zake mbili uisokote: mzunguko wa kwanza unaingia bila taabu. Sasa ikamate kwa umbali wa shubiri moja tu, uisokote vilevile. Mikono itakwambia. Kanga ni ileile, urefu ndio umepungua.

Hesabu hii ni ya springi yenye waya wa unene mmoja na mizunguko iliyoachana sawasawa. Zile zilizobana upande mmoja na kuachana upande mwingine hazifuati mstari huu, kwa sababu sehemu iliyobana huenda tayari imegusana na haichangi kitu.

Tukirudi kwenye gari, kipimo cha kushuka nacho huwapotosha watu. Kama springi ikiwa mezani mizunguko yake imeachana milimita 45, mtu atadhani kukata miwili kutashusha gari milimita 90. Hapana. Pima gari likiwa limesimama kwa matairi yake, toka mgongo wa mzunguko mmoja hadi mgongo wa unaofuata. Kwa mfano wetu utapata milimita 26.25, na mara mbili yake ni 52.5. Huko ndiko kushuka kwenyewe, kwa gari kama 240Z ambalo springi imeizunguka shokapu mbele na nyuma. Kwenye gari la mikono miwili (mmoja juu na mmoja chini, inayoshika tairi), ambalo springi imekaa katikati ya mkono wa chini, bodi hushuka karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo hata nusu mzunguko ni wa kuogopwa.

Sasa toka na gari hilo kwenye matuta ya Dar es Salaam. Kama shokapu ilikuwa na milimita 80 za kutembea kabla ya kugonga raba yake ya mwisho, zimebaki 27.5. Ugumu ulioongezeka kwa theluthi haufidii nafasi iliyopotea kwa thuluthi mbili, na kile kishindo cha "du!" kwenye kila rasta si springi, ni raba imefikiwa. Anayeshusha kwa milimita 50 anahitaji shokapu fupi zinazomudu ugumu mpya. Shokapu za zamani zitaliacha gari likidunda. Inua pia gari kwa jeki uone kama springi bado imekaa kwenye kikombe chake. Ikicheza, siku tairi likining'inia itahama.

Ukatwe upande upi? Ule ambao waya unaishia wazi, bila kubanwa wala kupinda kuingia ndani. Springi iliyobanwa ncha zote mbili isikatwe, itakosa pa kukalia. Tumia diski ya grainda, uweke kitambaa kibichi jirani na mkato, na kabla ya kufungua chochote funga vibanio viwili vya springi, kimoja kila upande. Moto wa gesi usikaribie. Chuma cha springi kimepikwa kwa kipimo, na moto ule hukilegeza pale pale ulipogusa, ndipo kitakapolala au kukatika.

Na ile springi kuukuu iliyolala, tunayosema imechoka? Mara nyingi ugumu wake haujabadilika. Imepoteza kimo tu. Kinachoilainisha kweli, hasa kwa magari ya hapa pwani, ni kutu. Ugumu hufuata unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 12 ukiliwa na chumvi ukabaki 11.4 umepoteza asilimia 5 ya unene na karibu asilimia 19 ya ugumu. Piga brashi ya waya, pima kwa kalipa (kipimio cha unene), ndipo uamue.

Hesabu ya kufupisha inajirudia kwenye mkono wa gia, ambao wenye magari haya huufupisha kwa imani kwamba gia zitaingia haraka na mchezo (kule kulegea kwa mkono) utaisha. Chukua mkono wenye milimita 300 juu ya egemeo na 60 chini yake: kiganja chako kinatembea mara tano ya fimbo ya gia iliyoungwa chini. Fimbo ikihitaji milimita 12, wewe unasogea 60. Ukiupunguza juu ubaki 240, unasogea 48, ila nguvu unayotumia inapanda kwa robo. Ukisukuma kwa nguvu ileile ya zamani, ringi za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zinapata msukumo mdogo, zinachelewa, na ukilazimisha utasikia meno yakisaga.

Mchezo je? Bushi ya chini (mkebe mdogo unaoshika pini ya mkono) ikiliwa milimita 1, mkono mrefu unacheza 5 kati ya 60 na mfupi 4 kati ya 48. Vyote ni sehemu moja ya kumi na mbili. Hakuna kilichopona. Kwa hiyo kabla ya msumeno, chomoa pini ya chini ya mkono, ikague kama ina mfereji ulioliwa, kisha uchukue bushi ile uende nayo mkononi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Shaurimoyo, Dar es Salaam, kutafuta mwenzake. Ikikosekana, fundi wa mashine anaweza kuichonga ya shaba: pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, ipakwe grisi, na isicheze upande wowote. Mara nyingi mkono ule mrefu, ukipata bushi mpya, huingiza gia safi kiasi kwamba msumeno haudaiwi tena.