Anwani ya MAC ni nini, na kwa nini si kufuli

Anwani ya MAC ni namba ya kadi ya mtandao, yaani ile sehemu ya kifaa inayopokea waya au mawimbi ya waifai. Haimtambulishi mtu, wala kifaa kizima: laptopu yenye tundu la waya na waifai ina anwani mbili.

Ni biti 48, zinazoandikwa kwa jozi sita za tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, mfano 00:00:5E:00:53:19. Kwa kawaida jozi tatu za mwanzo kiwanda hupewa na IEEE, shirika linaloweka viwango vya mitandao. Tatu za mwisho hujipangia chenyewe.

Tuseme kompyuta ya ofisi moja Chake Chake inatuma hati kwenye printa yenye IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) 192.168.1.20. Swichi ya kawaida, yaani kisanduku kinachounganisha waya za vifaa, haipeleki data kwa kusoma IP bali MAC. Basi kompyuta huwauliza wote mtandaoni, kwa utaratibu uitwao ARP: nani mwenye 192.168.1.20? Printa hujibu kwa kutoa MAC yake. Swichi nayo hukariri kila MAC imetokea tundu lipi, kisha hupeleka data huko tu. Ukifungua tovuti, data hubeba MAC ya ruta yenu, yaani kifaa kinachowaunganisha na intaneti. Ya kompyuta yako haivuki ruta hiyo. MAC moja ikitumika na vifaa viwili, kama inavyotokea kompyuta pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta halisi) zikinakiliwa, swichi hubadilisha tundu kila mara na vyote viwili hukatika-katika.

Tatizo kubwa liko kwenye waifai za nyumba za wageni, Mji Mkongwe na kwengineko, zinazoruhusu simu kuingia kwa kuangalia MAC yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC ya kubahatisha kwa kila jina la mtandao. Ukiwa na waifai "Juu" na nyengine "Chini", simu moja itahesabiwa mara mbili. Utaijua MAC hiyo kwa tarakimu yake ya pili: huwa 2, 6, A au E. Mgeni anaweza kuizima MAC hiyo ya kubahatisha kwenye mipangilio ya mtandao husika, lakini msitegemee MAC kama ulinzi. MAC husafiri hewani bila kufichwa, na yeyote anaweza kuiiga. Wekeni nywila ya WPA2 au WPA3, yaani njia za kulinda waifai.

Penye faida ya kweli ni printa: iandikie kwenye ruta IP isiyobadilika kwa MAC yake. Kwenye Windows, MAC ya kompyuta utaiona kwa amri ipconfig /all. Kwenye Linux, ip link.